Kabla ya kununua redio za barabarani, amueni nani ni dereva

Marahaba, Mhandisi. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimefurahi umeuliza mapema, kabla mkataba wowote haujatiwa saini. Kwa faida ya wasomaji wengine, swali ni hili: umeteuliwa kwenye kamati inayoandaa mpango wa miaka 10 wa kuyapokea magari yanayojiendesha na magari yanayowasiliana. Wahandisi wenzako wanataka bajeti ianze na redio za kando ya barabara, yaani vifaa vya kurushiana habari na magari. Wanasheria wanasema lisiguswe lolote kabla ya sheria. Watu wa teknolojia wanasema waacheni wenye magari waje wajaribu, mengine yatajipa. Unauliza lianze lipi.

Anzeni na kuamua nani ni dereva. Pesa ya barabara ya miaka ya mwanzo iwekeni kwenye vitu vinavyomfaa hata dereva wa leo: mistari, alama, taarifa za matengenezo. Redio zisubiri.

Kabla sijaeleza sababu, tutenganishe vitu viwili ambavyo rasimu yenu imevifunga furushi moja. Gari linalojiendesha hutazama kwa vyombo vyake lenyewe: kamera, rada, mara nyingi na laida inayopima umbali kwa miale ya leza. Programu yake huchukua picha hizo na kuamua lishike breki au likate kona. Gari linalowasiliana ni jingine: hilo hupeana habari na magari mengine, na taa za kuongozea magari, au na kituo cha usimamizi wa barabara. Gari la kawaida lenye mtu kwenye usukani linaweza kuwasiliana vizuri sana, na gari lisilo na mtu linaweza kwenda bila kuambiwa neno na barabara. Waymo, kampuni ya Marekani ya teksi zinazojiendesha, ilipowafungulia abiria wa kawaida huduma yake isiyo na dereva mjini Phoenix, Oktoba 2020, haikusubiri redio za kando ya barabara. Ukiviunganisha viwili hivi, mradi mmoja ukikwama na mwingine unakwama.

Sasa hilo la dereva. Chama cha wahandisi wa magari cha SAE kimegawa uendeshaji katika ngazi, kuanzia 0 hadi 5. Ngazi ya 2, gari linashika usukani na breki, lakini mtu ndiye anayeendesha na macho yake hayaruhusiwi kutoka barabarani. Ngazi ya 3, gari linajiendesha katika mazingira fulani na mtu anaweza kuacha kutazama, ila akiitwa lazima apokee. Ngazi ya 4 haimwiti mtu: gari likishindwa linajisimamisha lenyewe, ndani ya eneo lililoidhinishwa. Ya 5, gari la kwenda popote na wakati wowote, bado haijafika sokoni na wala msihangaike kuitungia kifungu. Mpaka wa kisheria upo kati ya 2 na 3. Hapo ndipo wajibu unapomhama mtu, na hapo ndipo sheria nyingi za zamani zinaponyamaza.

Ona gharama ya ukimya huo. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la kujiendesha la kampuni ya usafiri ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Ripoti ya wachunguzi wa usalama wa usafiri wa Marekani inatisha kwa jinsi ilivyo wazi. Vyombo vya gari vilimwona sekunde 5.6 kabla ya kugongana. Gari lilikuwa kwenye mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa, kwa hiyo alikuwa mbele yake kwa zaidi ya mita 100. Muda ulitosha. Lakini programu ilimwita gari, kisha kitu kisichojulikana, kisha baiskeli, ikarudi tena nyuma, na kila ilipombadilisha jina ilitupa kumbukumbu ya njia aliyokwisha kuipita, kana kwamba ndiyo kwanza anatokea. Haikuwa imepangwa kutegemea mtu kwa miguu mahali pasipo na kivuko. Ilipotambua hatari, ilikuwa imeagizwa isubiri sekunde nzima kabla ya kuchukua hatua, ili isishike breki ovyo. Breki ya dharura iliyokuja na gari kutoka kiwandani ilikuwa imezimwa wakati mfumo wa majaribio ukiendesha. Na mtu aliyewekwa kwenye kiti kama msimamizi alikuwa akitazama kipindi kwenye simu.

Haya, nani alikuwa dereva? Waendesha mashtaka walisema hawaoni msingi wa kuishitaki kampuni kwa jinai. Aliyefikishwa mahakamani ni yule wa kwenye kiti, na kesi yake ilimalizika mwaka 2023, miaka mitano baadaye. Simtetei. Lakini watu walioamua gari lisubiri sekunde nzima hawakuwa ndani ya gari, na sheria haikuwa na jina la kuwaita.

Nchi kadhaa zimeshatafuta jina hilo, nanyi msione haya kuazima. Ujerumani ilirekebisha sheria yake mwaka 2021 ili magari ya ngazi ya 4 yaruhusiwe katika maeneo yaliyopangwa, ikaweka nafasi ya msimamizi wa kiufundi: mtu halisi, mwenye sifa zilizotajwa, anayeweza kulizima gari kwa mbali au kuliruhusu kufanya jambo ambalo lenyewe limesita kulifanya. Uingereza, kwa sheria ya magari yanayojiendesha iliyoidhinishwa Mei 2024, imetaka kila gari la namna hiyo liwe na taasisi inayobeba jukumu la jinsi linavyojiendesha. Mtu aliye ndani halaumiwi kwa kosa la uendeshaji lililotendeka wakati mfumo ukiendesha. Akishapokea usukani, mzigo ni wake. Sheria hiyohiyo inakataza kulitangaza gari kuwa linajiendesha kama halijaidhinishwa hivyo. Kwangu hicho ni kati ya vifungu vyenye thamani kubwa kabisa, kwa sababu mtu akiuziwa ngazi ya 2 kwa jina la ngazi ya 4 atalala usingizi barabarani, na hakuna kihisi kitakachomwamsha kwa wakati.

Kama nchi yenu ni mwanachama wa Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, waambieni wanasheria wasome kifungu cha 8, kinachotaka kila gari linalokwenda liwe na dereva. Mkataba huo umeongezewa kifungu cha 34 bis, kinachotumika tangu Julai 2022, kinachokubali kwamba sharti la dereva limetimizwa pale mfumo wa kujiendesha unapofuata kanuni za kiufundi na sheria za nchi. Mlango upo, ila sheria ya ndani ndiyo yenye ufunguo.

Kwenye ngazi ya 3 naomba msipite haraka, maana hapo kitisho kimejificha kwenye saa. Kanuni namba 157 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu gari kujishikilia kwenye njia yake, inampa mtu angalau sekunde 10 za kupokea usukani kabla gari halijaanza kujisimamisha. Kanuni hiyo ilianza na kikomo cha kilomita 60 kwa saa, baadaye ikapandishwa hadi 130. Pigeni hesabu: kwa 60, sekunde 10 ni kama mita 167. Kwa 130 ni mita 360 na kidogo, na mtu huyo muda mfupi uliopita alikuwa anasoma barua pepe. Mimi ningeruhusu ngazi ya 3 kwenye foleni za barabara kuu zilizotenganishwa pande mbili, mwendo mdogo, na ningekaa hapo miaka kadhaa nikiangalia.

Pamoja na jina la dereva, andikeni mara moja kifungu cha kumbukumbu. Gari lazima liandike ni nani aliyekuwa anaendesha, mtu au mfumo, lini mtu aliitwa, lini alipokea. Tangu 2017 Ujerumani imeagiza kumbukumbu hizo zihifadhiwe miezi 6, na zikihusika na ajali zihifadhiwe miaka 3. Semeni pia nani ana haki ya kuziona na kwa muda gani zikabidhiwe, la sivyo mwenye bima, polisi na familia ya aliyeumia watabaki wakimwomba mtengenezaji ambaye naye ni mhusika wa kesi.

Na kuficha habari kuwe kosa lenye adhabu inayouma. Tarehe 2 Oktoba 2023, San Francisco, mtembea kwa miguu aligongwa na gari lililoendeshwa na mtu, akarushwa mbele ya gari lisilo na dereva la Cruise, kampuni ya teksi zinazojiendesha. Gari hilo lilisimama, kisha likajaribu kujisogeza pembeni kama lilivyofundishwa, huku yeye yuko chini yake, likamburuta kama mita 6. Kujisogeza pembeni baada ya ajali ni tabia njema siku nyingine zote. Siku ile ilikuwa ukatili, na mashine haikujua tofauti. Kibali chao kilisimamishwa mwezi huohuo, na Novemba 2024 kampuni ilikiri kuwasilisha ripoti ya uongo kuhusu tukio hilo, ikakubali kulipa faini ya dola 500,000. Mtoa vibali anayetegemea maelezo ya anayemsimamia bila kuwa na haki ya kuchukua video nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, amefungwa kitambaa machoni.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzako wa teknolojia wanaosema kilomita zitajieleza zenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walikokotoa kwamba ili kuonyesha kwa takwimu kuwa magari haya yanaua watu wachache kuliko madereva wa Marekani, ingebidi yaende maili milioni 275, karibu kilomita milioni 440, bila kifo hata kimoja. Magari 100 yakizunguka usiku na mchana yangechukua zaidi ya miaka 12. Hakuna mamlaka itakayosubiri hivyo. Kwa hiyo kibali kitolewe kwa hatua: kwanza kiwanja cha majaribio na programu za kuigiza matukio, kisha barabara chache zenye mtu kwenye kiti, kisha eneo dogo bila mtu, na kila hatua iwe na ripoti ya matukio yote, yakiwemo yale ya nusura. Kibali kitaje saa, hali ya hewa, barabara na mwendo. Kikisema tu kwamba gari linaruhusiwa kujiendesha, hakijasema kitu.

Nije kwenye barabara, na hapa nitakusimulia jambo nililoliona mwenyewe. Niliwahi kukaa kiti cha nyuma cha gari la majaribio, skrini mapajani, nikitazama programu inavyochora barabara. Mistari ya njia ilionekana kama nyuzi mbili za buluu, zimetulia. Tukafika palipokuwa na matengenezo. Mkandarasi alikuwa amehamisha njia upande wa kushoto, akapaka mistari mipya, na ile ya zamani akaifunika kwa rangi nyeusi. Kwa macho yangu kazi ilikuwa safi. Lakini ilikuwa jioni, jua limeinama mbele yetu, na ile rangi nyeusi ilikuwa laini kuliko lami. Iling'aa kuliko mistari mipya. Nyuzi za buluu zilitetemeka, zikakatika, kisha zikashika mstari wa zamani, uliokuwa unaelekea moja kwa moja kwenye ukuta wa zege. Msimamizi aliuvuta usukani bila kusema kitu. Tulikaa kimya mpaka tulipotoka kwenye yale matengenezo. Mistari ya zamani inatakiwa kukwanguliwa, siyo kufunikwa, na sharti hilo linaingia kwenye mkataba wa mkandarasi kwa sentensi moja.

Mambo ya namna hiyo ni mengi na hayana mvuto kwenye mawasilisho. Mistari ya kawaida humeta usiku kwa sababu ya shanga ndogo za kioo zilizonyunyiziwa kwenye rangi. Mvua ikizifunika, mwanga wa taa hauzirudii kamera, na mstari unatoweka kwa gari kama unavyotoweka kwako. Zipo rangi na mistari yenye vinundu vinavyochomoza juu ya maji. Alama za kidijitali zenye taa za LED nazo huwaka na kuzimika kwa kasi ambayo jicho haliioni, ila kamera huinasa katikati, ikaona nusu ya tarakimu. Mnaponunua alama hizo, zijaribuni kwa kamera ya gari kabla ya kuzifunga. Na msidhani ni habari ya kesho: tangu Julai 2024 kila gari jipya linalosajiliwa katika Umoja wa Ulaya lazima liwe na mfumo wa kumsaidia dereva kujua kikomo cha mwendo, unaosoma alama za barabarani au ramani. Alama iliyofunikwa na tawi la mti tayari inalidanganya gari lenye mtu ndani. Watafiti waliwahi pia kuonyesha, mwaka 2017, kwamba vibandiko vichache juu ya alama ya kusimama vinatosha kuifanya programu ya utambuzi wa picha iisome kama alama ya mwendo. Basi usafi wa alama umeshakuwa suala la usalama wa mitandao.

Kingine cha kuanza nacho ni daftari moja la kidijitali la barabara: kikomo cha mwendo cha kila kipande, madaraja na urefu wake, na hasa matengenezo. Mkandarasi afungue taarifa anapoweka koni ya kwanza na aifunge anapoondoa ya mwisho, kwa simu, palepale. Isipofungwa, asilipwe. Daftari hilo ni rahisi kuliko kilomita chache za vifaa vya redio, na siku hiyohiyo linawafaa madereva wanaotumia ramani kwenye simu, magari ya wagonjwa na malori.

Kuhusu hizo redio, sikatai faida yake. Gari linatangaza mahali lilipo na mwendo wake mara 10 kwa sekunde, na lingine linajua kuna breki kali nyuma ya kona ambayo kamera haiwezi kuona. Taa za kuongozea magari zinaweza kutangaza zimebakiza sekunde ngapi. Shida ni kwamba dunia ilibishana juu ya lugha ya redio hizo kwa miaka mingi: iwe ya jamii ya Wi-Fi, au ya mtandao wa simu. Marekani ilitenga masafa ya megahezi 75 kwenye bendi ya gigahezi 5.9 mwaka 1999. Miaka ikapita, magari yaliyofungwa redio yakawa ya kuhesabika, na Novemba 2020 megahezi 45 kati ya hizo zikaondolewa na kupewa Wi-Fi ya kawaida ya intaneti, 30 zilizobaki zikaelekezwa kwenye teknolojia ya mtandao wa simu. Waliokwisha kufunga vifaa vya lugha ya awali kwenye nguzo walibaki na vyuma. Ulaya nayo mwaka 2019 ilikataa pendekezo la kuipa kipaumbele lugha ya jamii ya Wi-Fi kwa magari. Nyinyi yalindeni masafa yenu leo, maana yakishagawiwa hayarudi. Unapochimbwa mtaro wowote wa barabara, lazeni bomba tupu la kupitishia nyaya. Taa mpya za kuongozea magari zinunuliwe zikiwa na uwezo wa kutoa taarifa zake kwa mfumo ulio wazi. Vifaa vyenyewe vinunuliwe mtakapoona magari ya kuzungumza navyo.

Na andikeni kanuni moja isiyo na ubaguzi: gari likikosa mtandao, liweze kujisimamisha salama lenyewe. Mawasiliano yaliongezee gari maarifa. Gari linalohitaji mnara wa simu ili lisimuue mtu lisipewe kibali.

Kwenye usalama wa mitandao msianze sifuri. Mwaka 2015 watafiti wa usalama wa kompyuta, Charlie Miller na Chris Valasek, wakiwa nyumbani na kompyuta zao, waliingia kwenye Jeep Cherokee iliyokuwa barabara kuu kupitia mfumo wake wa burudani uliounganishwa na mtandao wa simu, wakaikata nguvu magurudumu. Magari milioni 1.4 yaliitwa kurekebishwa, na wenye magari walitumiwa kifaa cha USB kwa posta ili wajiwekee programu mpya. Kutokana na visa vya aina hiyo zikaja kanuni mbili za Umoja wa Mataifa: namba 155, inayomtaka mtengenezaji awe na mfumo wa kusimamia hatari za udukuzi maisha yote ya gari, na namba 156 inayohusu masasisho ya programu. Zipokeeni zilivyo. Ninachoongezea ni hiki: sasisho linalobadilisha namna gari linavyojiendesha ni sawa na dereva mwingine kukaa kwenye kiti kilekile, kwa hiyo lirudi kwa mtoa kibali kabla halijapelekwa kwenye magari.

Hujauliza kuhusu polisi na zimamoto, lakini wakaribisheni kwenye kamati wiki hii. Kikosi cha zimamoto cha San Francisco kililalamika mara nyingi kwamba teksi zisizo na dereva ziliwazibia njia. Askari akisimama katikati ya makutano kwa sababu taa zimezimika, gari litafuata mkono wake? Zimamoto watalisukumaje gari ambalo halina mtu wa kuambiwa lisogee? Nani atapokea simu, baada ya milio mingapi, na kwa lugha ipi? Maswali hayo yawe na majibu ya maandishi kwenye ombi la kibali, yajaribiwe kwa zoezi halisi, na askari ndiye awe mtu wa kusema kama limefaulu.

Kwa kikao chenu kijacho, peleka mambo mawili tu. La kwanza ni ukurasa mmoja unaosema nani ni dereva katika ngazi ya 2, ya 3 na ya 4, na nani anayelipa aliyeumia kabla mabishano ya lawama hayajaanza. Aliyevunjika mguu asisubiri wataalamu wa programu wamalize kubishana. Bima ilipe kwanza, kisha imdai mwenye kosa. La pili, wachukue wajumbe wote kwenye gari moja usiku wa mvua, mpite barabara mnayotaka kuitenga kwa majaribio, na kila mmoja ahesabu mara ngapi mstari umempotea. Niandikie idadi mliyoipata, tuendelee kutoka hapo.